Kitanda cha Nyabol

Mzee Marial alipokuja karakanani kwangu pale mtaa wa Jebel kuomba nimfundishe kutengeneza vitanda, nilidhani ananitania. Mimi Omondi nilikuwa rika la kitinda mimba wake, na mikono yake ilishika randa vizuri kuliko yangu. Lakini miaka yote ya vita, kule ukimbizini Loki, alikuwa ametengeneza kitu kimoja tu: majeneza. Sasa amani ilikuwa imetiwa sahihi, watu wanarudi, nyumba zinaota mtaani Gudele kama uyoga, naye alitaka kujifunza kazi ya walio hai.

Nilimwuliza sababu hasa. Akasema ni mkewe, Nyabol. Tangu ukimbizini mama huyo alilala mkekani, akiapa kwamba hatalalia kitu kilichotoka mikononi mwa mumewe mpaka mikono hiyo ijifunze kazi nyingine.

Basi tukaanza. Jamani, mazoea yana taabu! Mteja akiingia, mzee alimpima mabega kwa macho, na mteja akaanza kujikuna bila kujua kwa nini. Kitanda chake cha kwanza kilikuwa kipana kichwani, chembamba miguuni. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi nilikuwa natengenezea tu watu wenye hawageuki."

Kicheko kikanikauka. Nikamwomba alale sakafuni, ajigeuze huku na huku, kisha nikachora kwa chaki pale alipofika. Nikamwambia hiyo ndiyo nafasi ya mtu aliye hai. Tangu siku hiyo kila kitanda alikianza kwa kulala chini na kujigeuza, mtu mzima na mvi zake, vumbi la mbao limemjaa mgongoni. Nilimpenda kwa hilo.

Cha Nyabol alikitengeneza kwa mahogani safi. Kilibaki kupigwa msasa tu, malaria ilipompanda mama kichwani. Alifia mkekani.

Nilimsihi mzee jeneza aniachie mimi, maana hiyo si kazi ya mtu kumfanyia mkewe. Alikataa. Akakibomoa kile kitanda, akafunga mlango wa karakana. Nilikaa nje nikisikiliza randa ikienda na kurudi, nikalia bila aibu.

Kesho yake makaburini, jeneza halikuingia shimoni. Lilikuwa pana mno, na upana wake ulikuwa uleule kichwani hadi miguuni. Wachimbaji walinung'unika kwamba mzee amechanganyikiwa kwa majonzi, fundi wa majeneza tangu zamani akosee kipimo. Mmoja akanitaka niseme naye, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wake.

Mzee aliweka kiganja juu ya kifuniko. "Huyu alikuwa anageuka sana usiku," akasema.

Nilivua koti, nikachukua sepetu, nikashuka shimoni kupanua upande wa miguu.