Kitufe cha Njano

Sentensi ya kumi na saba ilikwama kwenye herufi ya kwanza. "M," ilisema sauti masikioni mwangu, kisha kimya, kisha "m" tena, kama mtu anayebisha hodi huku akijua wenyeji wamo ndani. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: Mvua imenyesha tangu asubuhi. Kwenye kompyuta hapakuwa na jina, ila namba ya mwombaji, mia mbili na sita. Lakini sauti ya dada yangu ningeitambua hata katikati ya soko.

Kazi yetu ilikuwa kuifundisha mashine kusikia Kiswahili. Watu walisoma sentensi kwenye simu zao, nasi sita tukazisikiliza maabarani na kubonyeza: kijani inafaa, nyekundu haifai, njano ijadiliwe kwenye kikao cha Alhamisi. Ukimya ukizidi sekunde mbili, kanuni ilisema nyekundu. Njano tuliikwepa, kwa kuwa aliyeibonyeza ndiye aliyesimama kikaoni kujieleza. Mimi sikuwahi kuigusa. Wenzangu walinibandika jina la Sheria, wakidhani wananitania. Nikalivaa kama kilemba.

Mwaka ule mkuu wa maabara, mama wa maneno machache, alifungua darasa la akili mnemba kwa watu ambao vyumba kama vyetu havikuwahi kuwaona: mafundi wasio na vyeti, wanawake walioachia shule njiani, watu wenye ulemavu. Badala ya cheti, mwombaji alisoma sentensi hamsini. Arobaini zikipata kijani, nafasi ni yake. Tulijisifu kwamba tumeacha mlango wazi. Hakuna aliyeona kwamba zile sekunde mbili zimekaa kizingitini.

Dada ni fundi simu. Ana kibanda chenye meza moja na taa ya kuinamia, na wateja humwita Fundi Kimya, maana bei huitaja kwa vidole. Kigugumizi alianza nacho tangu alipoanza kusema. Utotoni watu wazima walimmalizia maneno, watoto wakamwigiza. Mimi nilipigana na wawili kati yao, na jino langu moja lilibaki huko. Neno la dada nililisubiri mpaka litoke lenyewe, hata chakula kipoe. Shule aliiacha mwaka ule mwalimu alipotaka kila mmoja asome kwa sauti mbele ya wenzake.

Sasa alikuwa amesoma tena kwa sauti, sentensi hamsini, kwa hiari yake, wala hakuniambia.

Nilizisikiliza zote. Kidole kilisimama juu ya njano. Kichwani nikawasikia wenzangu kwenye kikao cha Alhamisi: kumbe Sheria naye hupinda, akifika dada yake. Nikajiambia haki haina undugu. Maneno mazuri hayo, yanang'aa mpaka leo. Nilibonyeza nyekundu mara thelathini na moja. Jioni nilikula mezani kwake, akaniuliza kazi inaendaje, nikamjibu salama.

Miezi saba baadaye mashine ilipelekwa kujaribiwa kwa watu. Mzee mmoja aliyepooza upande wa uso aliiambia jambo lilelile mara tano, nayo mara tano ikaandika kwamba haijasikia mtu. Mkuu aliporudi kutoka kwenye majaribio hayo aliomba nyekundu zetu zote. Alizisikiliza siku mbili, mlango wa ofisi ukiwa wazi, kisha akaniita.

"Mia mbili na sita ulimkata wewe?"

"Kanuni ndiyo ilivyo, mama."

"Kanuni tuliiandika sisi, mwanangu. Na njano tuliiweka kwa ajili ya nani?"

Akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba katika maelfu ya sauti tulizonazo hakuna nyingine ya mtu mwenye kigugumizi. Darasa limekwisha jaa. Nimtafute huyo mtu, nimwombe asome upya; nafasi ya darasa labda mwakani.

Nilimkuta dada ameinamia simu iliyofunguliwa, bisibisi mkononi. Nilimweleza habari za mkuu, za mashine, za mwakani. Nilieleza vizuri sana, nikipita pembeni mwa jambo lenyewe, mpaka maneno yakaniishia.

"Aliyezikataa ni mimi, dada."

Hakuinua kichwa. Alikaza skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Ni-nilijua ni wewe u-utakayesikiliza," alisema. "Ndiyo maana nikathubutu."

Ningeweza kusema sikuitambua sauti. Uongo huo ulikuwa karibu, tena wa heshima. Badala yake nilitoa simu yangu nikaiweka mezani, tayari kurekodi. Aliitazama kama anavyozitazama simu zinazoletwa kwake baada ya mafundi wengine kuziharibu, kisha akaigeuza, kioo kikalala chini.

Akafungua kinywa aniambie jambo.

"M," alisema, na neno likakwama.

Mteja mmoja alikuwa amefika mlangoni. Alingoja kidogo, akatabasamu kwa huruma, akaanza kumsaidia kulitafuta. Nilimwinulia mkono anyamaze. Sekunde mbili zikapita, zikapita nne, zikapita kumi. Sikujua kama linalokuja ni msamaha au ni la kunifukuza. Niliketi, mikono magotini, kama nilivyoketi zamani chakula kikipoa.