Mama Nzi na Maji ya Buluu

Mtaani walimwita Mama Nzi, na mwenyewe hakuona ubaya. Alikuwa fundi cherehani, mjane wa miaka hamsini na miwili, na jina hilo alilipata kwa namna yake ya kuvua samaki. Marehemu mumewe, aliyekuwa mpima ardhi, alimwachia fimbo ndefu nyembamba ya kuvulia pamoja na ujuzi wa kutengeneza nzi wa bandia. Unachukua ndoano ndogo, unaizungushia uzi, unafungia unyoya wa kuku, mpaka samaki akiiona inaelea anadhani ni mdudu aliyeanguka majini. Kwa mtu aliyeshika sindano tangu utotoni, hiyo ilikuwa kazi ya kupumzikia. Alizifunga palepale kwenye meza ya cherehani, kwa mabaki ya uzi wa wateja.

Kilichowashangaza watu ni kwamba akishamnasa samaki, alimtoa ndoano taratibu na kumrudisha mtoni.

"Sasa huyu anavua au anawasalimia?" aliuliza jirani yake muuza mkaa, na watu wakacheka. Mama Nzi naye alicheka. Nyumbani walikula samaki wa sokoni.

Halafu wa kusalimiwa wakaisha. Mwaka mmoja alipata watatu, mwaka uliofuata hakupata hata mmoja. Maji yakawa na povu la kijivu kwenye kona, na siku za mvua yalinuka kama kitambaa kilichosahaulika kwenye beseni.

Mvuvi wa namna hii hana budi kuwajua wadudu, kwa maana ndio anaowaiga. Wengi wao huanza maisha chini ya maji, wameng'ang'ania mawe. Ukigeuza jiwe la mto mzima utawakuta: wembamba wenye mikia mitatu, na wengine wanaojijengea vijumba vya changarawe wakakaa ndani kama wapangaji. Maji yakiharibika, hao ndio wa kwanza kuiaga dunia. Mama Nzi alipanda hadi vilimani, akageuza mawe, akawakuta. Akashuka hadi chini ya kiwanda cha ngozi, akageuza mawe, akakuta utelezi na minyoo myekundu. Akajumlisha moja na moja.

Kuanzia hapo hakukaa kimya. Alinunua daftari kubwa, akazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi za kutaka kiwanda cha ngozi kifungwe. Sahihi ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa dole gumba la mama yake mzazi. Ya tatu ilikuwa ya mdogo wake wa kiume, fundi wa kutia rangi vitambaa, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi na mama yao. Baada ya miezi minane sahihi zilifika mia sita na arobaini. Sokoni alisimama juu ya kreti la soda akasema mwenye kiwanda cha ngozi anakunywa maji ya chupa na kuwanywesha wenzake sumu. Watu walipiga makofi. Afisa wa maji alikuja mara moja, mchana wa jua kali, akachota chupa moja, akasema vipimo si vibaya sana. Lakini kelele zilipozidi, aliitisha mkutano wa hadhara.

Wiki moja kabla ya mkutano, mwenye kiwanda cha ngozi aliingia dukani kwa Mama Nzi. Alikuwa mzee mnene mwenye kuchechemea, na hakungoja kukaribishwa kiti.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nimekuja kuuliza swali. Hayo mawe yako unayoyageuza, umewahi kuyageuza hapo juu ya kiwanda changu? Simaanishi kule vilimani. Hapo juu tu, kati ya kiwanda na daraja la zamani."

Mama Nzi alikuwa ameshika pini mdomoni. Alizitoa kwanza.

"Hapana."

"Basi kageuze. Kisha uje uone mabwawa yangu matatu ya kuchujia. Mimi si malaika, mama, ila haya maji yananifikia yakiwa tayari yamekufa." Akatoka.

Usiku huo hakuuona usingizi vizuri, na asubuhi alivaa buti za mpira akaenda. Juu ya kiwanda aligeuza jiwe la kwanza, la pili, la kumi. Utelezi na minyoo myekundu. Alipanda akipinda mgongo hadi karibu na daraja la zamani, na hapo, ghafla tu, jiwe moja likawa na mdudu wa mikia mitatu. Hatua sita chini yake, hakuna kitu. Katikati ya hatua hizo sita, upande wa kushoto, palikuwa na mfereji mwembamba uliofunikwa na majani, ambao alikuwa ameuruka mara mia moja bila kuutazama.

Alifuata mfereji. Ulipita nyuma ya bustani za mboga, nyuma ya gereji, ukaishia kwenye bomba lililotokeza chini ya ukuta wa matofali. Mawe yaliyo chini ya bomba yalikuwa ya buluu. Mama Nzi aliijua buluu hiyo kuliko mtu yeyote mjini, maana kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akishona sketi na kaptula za shule kwa kitambaa cha rangi hiyo. Na ukuta aliujua pia. Alikuwepo siku ulipojengwa. Ulikuwa wa mdogo wake.

Alizunguka, akaingia kwa mlango wa mbele. Mdogo wake alikuwa akikoroga pipa kwa mti mrefu, mikono imeingia rangi hadi kwenye viwiko, na wafanyakazi wake walikuwa wakianika vitambaa.

"Karibu, Dada. Mama yuko ndani, alikuulizia jana."

"Nitamwona. Njoo kwanza huku nyuma."

Walisimama kwenye bomba.

"Hili linamwaga nini?" aliuliza Mama Nzi.

"Maji ya kusuuzia."

"Na ya kwenye mapipa?"

Mdogo wake alitazama viatu vyake. "Na ya kwenye mapipa. Lakini siyafungulii ovyo. Nangoja mvua, mto ujae, yapite yaende zake."

"Na magadi humo, na dawa ya kupaushia."

"Dada, nina mapipa manne. Yule wa ngozi ana mabwawa kama uwanja wa mpira. Mto mzima nitauua mimi na mapipa manne?"

"Nimegeuza mawe. Juu ya mfereji wako kuna uhai, chini yake hakuna."

Mdogo wake aliinama kutazama mawe yaliyo chini ya bomba. Kisha alisema kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kuelewa, "Kwa hiyo ni mimi?"

"Ni wewe. Na mimi pia, maana kitambaa hicho nakishona mimi."

"Nilitia sahihi kwenye daftari lako."

"Ulikuwa wa tatu."

"Ulikuja nalo jikoni ukanipa kalamu. Na nilijua ni yule wa ngozi. Kila mtu alijua."

"Hata mimi nilijua," alisema Mama Nzi. "Mkutano ni Alhamisi. Ingekuwa vizuri useme mwenyewe."

Hapo uso wa mdogo wake ulibadilika. "Watanifungia. Nina watu tisa hapa, wana watoto. Nyamaza tu, Dada, nami nitatafuta dawa nyingine taratibu. Damu ni nzito kuliko maji."

"Nakungoja hadi Alhamisi."

Alipita ndani kumsalimu mama yao, ambaye alikuwa amekaa karibu na dirisha akichambua maharage kwa vidole, kwa kuwa macho yalishaanza kumtupa.

"Mmegombana?" aliuliza bibi kizee.

"Bado, Mama."

Siku tatu zilizofuata Mama Nzi alishona sketi kumi na nne. Mguu ulikanyaga pedali wenyewe, akili ikiwa kwingine. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na yeye alikuwa akiikunja pindo nguo yenyewe. Alifikiria kunyamaza. Alikuwa na sababu nzuri: kiwanda cha ngozi nacho kilinuka, hakuna aliyekipenda, na sahihi mia sita na arobaini zilikuwa tayari. Angesema tu "mto wetu" bila kumtaja mtu. Lakini kila alipofika hapo alimwona yule mzee anachechemea kuingia dukani kuuliza swali moja la haki, akaona haya.

Alhamisi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Afisa wa maji alikaa mbele. Mwenye kiwanda cha ngozi alikaa peke yake, viti viwili kulia na viwili kushoto vikiwa wazi, kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Mdogo wake alisimama mlangoni. Mama Nzi alimtazama, akangoja. Afisa aliuliza nani ataanza. Mdogo wake hakufungua mdomo.

Basi akasimama yeye.

"Daftari hili linasema kiwanda cha ngozi kimeua mto," alisema. "Nililiandika mimi na nilikosea. Sikupima pote. Maji yanakufa pale mfereji wa karakana ya kupaka rangi unapoingilia, juu ya kiwanda. Karakana hiyo ni ya mdogo wangu, tumbo moja. Mzee, nilikutukana mbele za watu, nakuomba radhi mbele za watu. Afisa, twende nikuoneshe. Uje siku ya mvua, na usitoe taarifa."

Kisha mtu nyuma akasema, "Sasa sahihi zetu ziende wapi?" na minong'ono ikapanda kama maji ya kuchemka. Mdogo wake alikuwa ameshaondoka.

Afisa alikuja siku ya mvua. Karakana ilifungwa hadi ijengwe njia ya kuchuja maji. Wafanyakazi tisa walikaa nyumbani, na habari ikaenea kwamba Mama Nzi ni mtu wa kuuza ndugu yake kwa ajili ya mainzi. Wateja walipungua. Muuza mkaa aliacha utani, jambo lililomuuma kuliko alivyotarajia. Mke wa mdogo wake alikutana naye sokoni, akavuka barabara. Alipokwenda kumwona mama yao, mdogo wake alitoka kwa mlango wa uani.

Wiki ya tatu alikwenda kiwanda cha ngozi.

"Kama umekuja kuomba radhi tena, mara moja ilitosha," alisema mzee yule.

"Nimekuja kuomba mtu. Yule aliyejenga mabwawa yako."

Mzee alicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kikavu. "Miezi minane umenitukana, leo unataka fundi wangu?"

"Ndiyo. Mdogo wangu hajui kuchimba bwawa la kuchujia, na mimi sijui. Na mto ukibaki mchafu watasema tena ni wewe."

Mzee alifikiri, akakubali Jumamosi tu.

Jumamosi ya kwanza fundi wa mabwawa alifika karakana na vipimo vyake, na Mama Nzi akafika na jembe begani. Mdogo wake alisimama kando ya ukuta. Alimtazama fundi, akamtazama dada yake, akamgeukia mfanyakazi wake mmoja.

"Mwambie huyo mama aanzie upande ule, huku kuna bomba."

Mfanyakazi, ambaye alikuwa hatua mbili kutoka kwa Mama Nzi, alisema kwa aibu, "Anasema uanzie upande ule."

"Mwambie nimesikia."

Walichimba hivyo Jumamosi saba. Maneno yote kati ya ndugu hao wawili yalipitia kwa mfanyakazi yule, hadi maskini akawa anakimbilia kwenda kuteka maji asitumwe. Mama yao aliletewa kiti uani. Hakuona vizuri, lakini alisikia majembe, na alijua lipi la nani. Siku ya tano alisema, bila kumlenga mtu, kwamba alizaa watoto wawili wenye ndimi nzima na anashangaa nani amezikata. Kazi iliendelea.

Jumamosi ya saba walikuwa wakijaza changarawe kwenye shimo la tatu, la mwisho. Mfanyakazi alikuwa amekwenda msalani. Mdogo wake alisimama ukingoni, akapima kwa jicho.

"Dada, hii itatosha?"

Mama Nzi alishuka shimoni, akasimama kando ya changarawe, ikamfika magotini. "Ongeza toroli mbili."

Akaongeza mbili. Walikula pamoja kwa mama yao, na mazungumzo yakawa ya dari linalovuja.

Karakana ilifunguliwa mwezi uliofuata. Dawa mpya haikung'arisha kama ile ya zamani, na mwalimu mkuu alilalamika kwamba sare zimefifia. Mama Nzi alimwambia azoee. Wafanyakazi saba walirudi. Wawili walikuwa wameshapata kazi kwingine, na mke wa mmoja wao hamsalimu Mama Nzi mpaka leo. Muuza mkaa alirudia utani baada ya kupita misimu miwili ya mvua, siku alipomwona anapanda kutoka mtoni buti zikidondosha maji.

"Wamekusalimu?"

"Mmoja tu," alisema. "Mdogo kama kidole."

Ama yeye na mdogo wake, wanatembeleana, wanapeana kitambaa, wanachekana, na kila mvua kubwa ikinyesha wanakwenda pamoja kuangalia kama mashimo hayajafurika. Kilichotokea ukumbini Alhamisi ile hawajawahi kukizungumza.