Ripoti Iliyofichwa Kwenye Droo

Verna Trosper aliingia dukani kwa Dwight Skaggs saa nne asubuhi bila kumsalimia mtu. Alipita magunia ya chakula cha kuku, akaibamiza chupa yake ya mafuta ya CBD, dawa ya maumivu itokanayo na mmea wa jamii ya bangi, juu ya kaunta mpaka wateja wawili wakageuka.

Juzi alikuwa amepigiwa simu. Kipimo cha kushtukiza cha madereva wa mabasi ya shule kilikuta THC kwenye mkojo wake, kile kilevi cha bangi. Verna huyu ambaye hata bia hajawahi kuionja, anayefundisha watoto Biblia kila Jumapili! Alikuwa ameitwa kikaoni kesho yake na msimamizi wa mabasi, na akienda mikono mitupu, kazi ya miaka kumi na tisa ilikuwa imekwisha.

Dwight, shemasi wa kanisa lao, alimwambia kwa upole kwamba lazima waliopima mkojo wamekosea. Akanyoosha kidole ukutani. Pale, ndani ya fremu ya mbao aliyoitengeneza mwenyewe, ilining'inia ripoti ya maabara ya mafuta yake, imewekewa kioo kama cheti cha shule. Mteja yeyote akiuliza kuhusu THC, Dwight humwonyesha fremu, na kwenye mstari wa THC panasomeka: haikuonekana. Verna aliusoma mstari ule kabla ya kumeza tone la kwanza kwa ajili ya magoti yake. Akaridhika, mjinga yeye.

Leo alivaa miwani, akaisoma ripoti kuanzia juu: tarehe, namba ya toleo la mafuta, kila kitu. Kisha akaipindua chupa yake.

"Shemasi, hii karatasi ina miaka miwili na nusu."

"Mafuta ni yale yale, Dada Verna."

"Namba siyo ile ile. Ya ukutani inaishia na tisa, yangu inaishia na hamsini na mbili. Karatasi ya chupa yangu iko wapi?"

Dwight akaanza kuzungusha maneno. Mkulima wa zamani aliyekuwa akimletea mafuta ameacha kilimo, wa sasa yuko kaunti ya jirani, mtu mwema, mcha Mungu. Verna alimsikiliza huku damu ikimchemka. Kila alfajiri alilizunguka basi na tochi na fomu, akakagua breki, taa, matairi na mlango wa dharura, ndipo akatia sahihi. Fomu ya jana haikumruhusu kulisogeza basi leo hata hatua moja. Na mtu wa namna hiyo amekuja kuamini karatasi ya chupa ambayo wengine walishaimaliza zamani! Nusu ya hasira yake ilikuwa juu yake mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi.

"Nimekuuliza karatasi yangu iko wapi."

Ilikuwa kwenye droo, chini ya pakiti za ndoana. Mkulima mpya aliituma pamoja na mafuta, lakini Dwight hakuitundika kwa kuwa, alisema, ingewatia watu wasiwasi bure. Kwenye mstari wa THC palikuwa na namba: sifuri nukta mbili saba kwa mia. Akamweleza, kama anayembembeleza mtoto, kwamba sheria inaruhusu mpaka sifuri nukta tatu. Mafuta yake ni halali kabisa.

Hapo Verna akalipuka. Alimwambia, mbele ya wateja wake, kwamba kipimo cha mkojo hakiulizi mafuta ni halali au la, na kwamba kidogo hicho, asubuhi na jioni kwa miezi mitano, kimetosha kumharibia maisha.

"Ulijua," alisema. "Uliisoma, ukaificha, halafu kila Jumapili unanipa mkono mlangoni mwa kanisa."

Verna akaichukua ripoti ya droo pamoja na chupa yake, akatoka.

Kesho yake alimwekea msimamizi, Lonnie Fugate, aliyekuwa akilalamikia mgongo mwaka mzima, vyote viwili mezani. Akamwonyesha kwa kidole: namba ya chupa hii hapa, ya karatasi hii hapa, zinalingana, na THC ndiyo hiyo. Hajavuta bangi hata siku moja. Lonnie alisoma polepole, akitikisa kichwa kukubali, na kwa dakika nzima Verna alipata tumaini.

"Nakuamini, Verna, kila neno," alisema Lonnie. "Lakini sheria ya madereva haijali iliingia kwa moshi au kwa kijiko. Na karatasi hii inathibitisha tu kwamba iliingia."

Lonnie hakuwa akimtazama. Alikuwa bado ameikazia macho ile namba ya toleo. Akavuta droo, akatoa chupa yenye lebo ya Dwight, akaipindua. Hamsini na mbili.

"Mimi siendeshi," alisema kwa sauti ya chini. "Sisi wa ofisini hawatupimi."

Akairudisha chupa, akafunga droo, akamsogezea Verna fomu ya kuachishwa kazi. Verna hakuigusa.

"Mgongo wako unaendeleaje, Lonnie?"

"Afadhali sana," alijibu Lonnie, kabla hajajizuia.