Piano Isiyo na Kitufe

Ijumaa ile baada ya swala, Ashatu alikaa mbele ya piano ya kweli kwa mara ya kwanza katika miaka yake thelathini na sita, na kitu cha kwanza alichofanya ni kutafuta kitufe. Alipapasa chini, akapapasa ubavuni. Mbao tupu.

Usimcheke. Kwenye bendi za harusi za Zinga, alikojifunzia kinanda cha umeme, kila mpigaji anajua sehemu moja tu: vibonyezo vyeupe, na vyeusi viwili vitatu vya kukoleza. Mwimbaji akitaka sauti ipande, unabonyeza kitufe, kinanda chenyewe kinaipandisha, vidole vinabaki palepale. Nani angehangaika kujifunza zaidi? Kwa mtindo huohuo, miaka mitatu, aliwaiga wanawake weusi wa Marekani ya zamani aliowatazama kwenye simu, wale waliopiga piano kwa mtindo wa bugi-wugi, mkono wa kushoto ukizunguka kama mashine ya unga na wa kulia ukifanya utundu, kabla wanaume wenye magitaa hawajavikwa ufalme wa roki. Wengine hata majina yao hayakuandikwa. Ashatu aliwapenda hadi kulia.

Sasa hoteli moja ya Bagamoyo ilitaka mwanamke wa kupiga nyimbo hizo kila mwisho wa wiki, na Kibwana, mkuu wa bendi ya hoteli, akamwita ajaribiwe. Akipata kazi, atapanga chumba chake mwenyewe. Akikosa, anarudi Mkange kwa Husseni, mume aliyepasua kinanda chake cha kwanza kwa shoka, akaapa kwamba safari nyingine shoka halitaishia kwenye kinanda. Kaka yake Ashatu, Kitwana, alikwishampa Husseni neno kwamba atamrudisha. Hata sasa alikuwa nje juu ya pikipiki, begi la Ashatu limefungwa nyuma. Ndugu wa tumbo moja, roho kavu namna ile!

"Shikamoo, dada. Mimi naanzia hapa," alisema Adila, mwimbaji, akigusa kibonyezo cheusi.

Ashatu alisahau hata kuitikia. "Huwezi kuanzia hapa?" Akabonyeza cheupe chake.

"Hapo chini mno. Sauti haitoki kabisa."

Ashatu alijaribu kuanzia kwenye kile cheusi. Mkono wa kushoto, uliozoea kwenda wenyewe, ulijikwaa, ukatafuta, ukapotea. Mara ya tatu Adila akaacha kuimba. Kibwana akakuna kichwa.

"Ashatu, hujui, au unaogopa?"

"Najua! Wallahi najua, kaka Kibwana. Niache nipige peke yangu, hapa ninapopajua."

Akapiga. Wahudumu waliacha kupanga vikombe, mpishi akatoka na mwiko mkononi, na Adila mwenyewe akajikuta anapiga makofi. Kwa dakika chache zile Ashatu hakuwa mke wa mtu wala mzigo wa mtu, na alifurahi.

Kibwana alimwinamia, akapaza sauti kuushinda muziki, maana Ashatu bado anapiga. "Sijasikia mtu akipiga hivi. Lakini wageni wanakuja kumsikia mwimbaji. Kajifunze kumfuata popote anapoanzia, urudi baada ya miezi mitatu."

Miezi mitatu! Kitwana alikwishaingia, maana alisikia yote kutoka mlangoni.

"Inuka twende. Mkange mbali."

"Nimalizie wimbo, kaka."

Nyimbo za namna hii haziishi zenyewe. Zinazunguka na kurudi mwanzo mpaka mpigaji aamue, na Ashatu hakuamua. Alizunguka mara ya kumi, mara ya kumi na moja, maumivu yakapanda mpaka begani, naye akapiga huku analia kwa sauti, kwa sababu alijua akiinua mikono ile tu, safari imeanza. Kibwana alielewa kuna jambo baya, lakini akabaki kutazama sakafu.

Kitwana akasogea, akashika kifuniko cha piano, akaanza kukishusha taratibu, na vidole vya dada yake bado viko juu ya vibonyezo, havitoki.