Bomba Linatoa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Mama Koki alifungua kufuli la bomba la kijiji, akafuta mdomo wa koki kwa kitambaa, akazungusha robo. Koki ikakohoa mara mbili, kisha ikatoa habari: mwalimu mkuu amerudi jana jioni na godoro jipya, ng'ombe wa mshona viatu amezaa ndama jike, na binti wa mwenye duka amekataa posa tena. Ndoo ya kwanza ikajaa. Mwenye ndoo akaifunika, akajitwisha, akaondoka zake.

"Posa ya pili hiyo au ya tatu?" akauliza mama mmoja kutoka nyuma.

"Ngoja zamu yako ifike usikie mwenyewe."

Maji hayakuwahi kutoka pale tangu siku ya uzinduzi, miaka sita nyuma. Siku hiyo yalitiririka mpaka saa nane mchana, wanawake wakapiga vigelegele, wageni wakapiga picha, ikawa basi. Bomba likakaa kimya miaka miwili, na mwaka wa tatu likaanza kusema. Wanakijiji hawakuona ajabu. Mtaro ule waliuchimba wenyewe msimu mzima huku wakipiga soga, na maneno yote yale lazima yangetokea mahali. Kilichowaumiza kichwa kilikuwa foleni. Ikaundwa kamati, kamati ikatunga sheria: ndoo mbili kwa kila nyumba, wagonjwa watangulie, na mtu asichote habari za jirani kabla jirani mwenyewe hajachota. Habari ilitakiwa itumike siku ileile. Ikilala kwenye ndoo inachacha, na kesho yake ukiimimina unatoka umbea mtupu.

Maji yenyewe waliendelea kuyafuata mtoni, saa nzima kwenda na saa nzima na ushee kurudi.

Ufunguo alikuwa nao Mama Koki kwa sababu marehemu mume wake ndiye fundi aliyelaza mabomba. Maji yalipokatika, lawama zote zilimwangukia yeye. Walimwita Fundi Ukame. Redio ikigoma kusema, watu waliuliza kama imepitia kwa Fundi Ukame. Kuku asiyetaga naye alikuwa kazi ya Fundi Ukame. Mwenyewe alikuwa akicheka pamoja nao, akirudi nyumbani hali chakula. Alikufa kwa homa kabla bomba halijaanza kusema, na hata kwenye maziko kuna aliyenong'ona kwamba kaburi likaguliwe lisije likavuja. Mama Koki alimsikia. Alikuwa anamkumbuka mtu huyo kila siku anapomjazia ndoo, na alimjazia hadi pomoni, lakini hakuwahi kumsamehe.

Koki ile ilikuwa na tabia zake. Ukizungusha robo, unapata habari za jana. Nusu, za mwaka huu na uliopita. Ukifungua hadi mwisho unafika zamani kabisa, kule kwenye mtaro. Mama Koki hakuwahi kufungua hadi mwisho. Aliwaambia watu kwamba washa, kile kipira cha ndani ya koki, imechakaa, na kweli ilikuwa imechakaa, lakini hasa aliogopa kusikia sauti ya mumewe mbele za watu akiwa ameshika ndoo.

Siku hiyo wakaja wazee wawili, mtu na mdogo wake, waliokuwa hawasemezani tangu mwezi uliopita. Walibishania nani kati yao alitumbukia mtaroni siku ya mvua kubwa. Kila mmoja alidai kwamba aliyetumbukia ni yeye, kwa kuwa aliyetumbukia alipewa blanketi na binti mmoja mzuri sana.

"Fungua hadi mwisho, shemeji," akasema mkubwa. "Tumalize jambo hili kabla hatujafa."

Foleni yote ikaunga mkono. Mama Koki akashusha pumzi, akazungusha.

Koki ikatetemeka, ikatoa vumbi kidogo, halafu ikatoa sauti ya mumewe, imekauka vilevile kama alipokuwa hai.

"Mwenyekiti, mabomba hayatoshi. Yanahitajika mia na ishirini, hapa nimehesabu arobaini."

"Fukia tu, fundi," ikajibu sauti ya pili. "Siku ya uzinduzi tutaleta maji kwa lori, tuyamimine kwenye tangi."

"Na siku ya pili yake?"

"Siku ya pili yake watakuwa wameshapiga makofi."

Watu wakageuka. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa wa tano kwenye foleni, na ndoo yake nyekundu. Juu kidogo, nyuma ya nyumba yake, mbuzi wake walikuwa wametoa vichwa katikati ya mabomba themanini ya chuma yaliyopakwa rangi ya buluu, wanatafuna. Banda hilo lilisimama wiki moja baada ya uzinduzi, na hakuna mtu hapo ambaye hakuwahi kulisifia kwa uimara wake.

Mwenyekiti akakohoa.

"Sauti ni yangu, sikatai," akasema. "Ila siku hiyo nilikuwa na mafua. Mtu mwenye mafua hueleweka vibaya."

Watu wakatafakari. Mmoja akasema si viongozi wengi wanaokubali sauti zao. Mwingine akakumbuka kwamba kweli mwaka ule mafua yalikuwa mengi. Wakampigia Mwenyekiti makofi kwa ukweli wake, naye akapunga mkono.

"Kwa hiyo masikini Fundi Ukame hakuwa na kosa," akasema yule wa maziko.

"Usimwite hivyo basi," akasema Mama Koki.

"Tumwiteje, mama? Tumeshamzoea hivyo. Sasa tunamwita kwa mapenzi."

Mama Koki akaigeukia koki. Yule mzee mkubwa akamgusa bega kwa adabu, akaomba aendelee kufungua, maana la kwao lilikuwa bado.

Siku ya nne yake akaja Bwana Maji kutoka wilayani, juu ya pikipiki, na faili kwapani. Alikuwa anakagua mabomba yote ya vijiji. Mwenyekiti akamletea kiti. Mkwe wa Mama Koki, mke wa mwanawe, alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka mtoni. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba, na miguu ilikuwa imevimba mpaka kandambili hazimwingii. Akatua ndoo, akakaa chini kivulini bila kusalimia mtu.

Bwana Maji akaomba bomba lifunguliwe. Mama Koki akazungusha robo. Koki ikasema kwamba jana Bwana Maji alimwambia mwenzake ofisini kuwa huku atakaa dakika kumi tu, kwa sababu ripoti za huku hazisomwi na mtu.

"Presha nzuri," akasema Bwana Maji, akaandika.

Kisha akageuza fomu ili Mama Koki aione. Swali la saba liliuliza: Bomba linatoa? Palikuwa na visanduku viwili, ndiyo na hapana, na mwenye kujaza alikuwa mlinzi wa bomba.

"Ukitia ndiyo, tumemaliza," akaeleza. "Maana kutoa linatoa, nimelisikia. Ukitia hapana, mnaingia kwenye orodha ya kuwekewa upya. Ila hapana lazima iwe na sababu, na sababu imeshachapishwa hapa chini."

Mama Koki akasoma. Sababu ilikuwa moja tu: kosa la fundi.

"Fundi hana kosa, mwanangu. Mabomba yale pale, wamefungiwa mbuzi. Andika hivyo."

Bwana Maji akatazama banda, akatazama fomu, juu na chini, kwa nia njema kabisa.

"Hakuna mstari wa mbuzi, mama."

"Ndiyo fomu zilivyo," akasema Mwenyekiti kwa huruma.

Mama Koki akashika kalamu. Akitia ndiyo, jina la mumewe lingebaki safi huko wilayani, kwenye karatasi yenye muhuri, na kijiji kingeendelea kwenda mtoni. Akitia hapana, angekuwa amemshitaki kwa mkono wake mwenyewe, baada ya kumlilia miaka yote hiyo. Akamtazama mkwe wake. Yule binti alikuwa anajikanda kifundo cha mguu.

"Nipe dakika moja," akasema Mama Koki.

Akaenda kwenye koki, akaifungua hadi mwisho, akainama, akatega sikio. Alitaka mumewe aseme neno lolote la kumsaidia. Koki ikatoa vumbi, ikatoa kikohozi, ikatoa sauti ya mumewe:

"Nani kachukua spana yangu?"

Akangoja. Ikauliza tena, kwa ukali zaidi. Aliyeichukua alikuwa yeye, ili apigilie msumari wa kitanda, na hakuwahi kumwambia. Mama Koki akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipokwisha kutoka ya kicheko yakaendelea kutoka mengine. Walinzi wengine wa bomba hulia, akawaza Bwana Maji, na akatazama saa yake.

"Ni mimi, baba watoto," akasema ndani ya koki. "Nisamehe. Na hili la leo pia."

Akarudi, akatia alama kwenye hapana. Mwenyekiti akasaini kama shahidi.

Mwezi wa tatu wake, koki ikiwa kwenye robo, ilitangaza kwamba mabomba mapya mia na ishirini yameshushwa usiku uliopita nyuma ya nyumba ya Mwenyekiti, na kwamba mbuzi wake wanatarajia kuzaa.

"Zimetoka leo hizo?" akauliza Mwenyekiti, akiwa wa tatu kwenye foleni.

"Zimetoka leo," akasema Mama Koki.

"Basi ni kweli," akasema, akasogeza ndoo yake.

Fundi aliyeletwa alikuwa kijana mpole, amehamia karibuni, mkewe bado anatafuta pa kununulia mkaa. Alichimba wiki mbili. Siku moja mchana akaja kwa Mama Koki, udongo mpaka magotini, akijikuna kichwa.

"Shikamoo mama. Nimehesabu mara tatu. Mabomba yanahitajika mia na ishirini, ninayo thelathini na nane. Mwenyekiti anasema nifukie tu."

"Marahaba, mwanangu. Unaye mke?"

"Ninaye."

"Bomba la mwisho limeishia wapi?"

Akampeleka. Mama Koki alimfuata taratibu, amejifunga mjukuu mgongoni, mpaka pale ambapo bomba la thelathini na nane liliishia, mdomo wazi, kwenye udongo mtupu.

"Piga magoti," akasema. "Weka mdomo hapo. Taja jina lako, utaje la baba yako, kisha useme wamekupa mabomba mangapi. Sema polepole, ipo siku mkeo atakuja kusikia."

Fundi akapiga magoti, akasema yote. Kisha akasimama, akakung'uta suruali, akachukua sepetu, akaanza kufukia.