Swali la Tisa

...na hata kalamu yenyewe si yake, ni ya Whitney, msichana wa duka la kompyuta, imefungwa kwa uzi kwenye meza ya saiba kana kwamba kuna mtu atavuka Kawangware nzima kuja kuiba kalamu, Lusweti ameishika juu ya karatasi iliyotumwa kwa kompyuta kutoka kwa chifu na Whitney akaitoa kwa rangi, na haishuki, maswali manane ameyajibu vizuri kabisa, jina, kitambulisho, wewe ni nani kwa marehemu Rachael mwenye shamba, mwana wa pili, unakubali shamba likodishwe kwa kampuni miaka thelathini na mitatu, ndiyo, hiyo aliiandika haraka kama mtu anayemeza dawa chungu, kisha likaja la tisa, je, ndani ya ardhi hii kuna kaburi, weka alama, ndiyo au hapana, na hapo mkono ukagoma. "Uncle, ukimaliza naiscan saa hiyo hiyo," Whitney anasema bila kutoa macho kwenye kompyuta, "lakini fanya haraka, kuna line." Haraka, leo kila mtu ana haraka, Maurice kaka yake amepiga simu mara tatu kutoka kijijini, "Lusweti, watu wa kampuni wako hapa kwa chifu, wamekunywa chai wamemaliza, weka hapana utume, surveyor alitembea shamba yote na hakuona kaburi," akisema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyezungukwa... hakuona kaburi, angelionaje, makaburi ya wenzao yana simiti na vigae, unayaona ukiwa barabarani, la mama ni udongo mtupu, na nani alisema atalijengea, si wewe, Lusweti, si wewe uliyesimama pale mbele ya kanisa lote ukasema mniachie mimi, mimi ndiye fundi? Jeneza alilitengeneza kwa mikono yake hapa hapa Kawangware, mbao za mvule, akalipiga msasa mpaka wateja wakadhani ni kabati, lakini msalaba, msalaba akaupiga mbio mbio kwa vipande vya saipresi vilivyobaki kwenye kitanda cha mtu, bila dawa ya mchwa, yeye ambaye kila mteja akija humhubiria dawa ya mchwa hadi mteja achoke, akajiambia huu ni wa muda tu, Desemba nitarudi na simiti, na Desemba zimepita saba, mchwa wakala msalaba wakamaliza, na sasa mzungu wa kampuni na surveyor wake wa kupima ardhi wamepita juu ya mama wakaandika hakuna kitu. Aibu gani hii. Anataka kumlaumu mtu na kila akigeuka anajikuta yeye. Si hata angeweza kutuma hela ya mifuko miwili tu ya simiti... "Uncle?" "Nasoma, mama, nasoma." Sella mkewe naye asubuhi, akimimina chai katika chumba chao cha kupanga kule Kambi Muru, alisema, "Baba Lavender, miaka yote hii tunaishi kwa mabati ya mtu, weka hiyo sahihi tujenge kwetu," naye akamuuliza, tujenge wapi sasa, kwetu si ndiyo hiyo tunakodisha, Sella akaendelea kumimina hadi kikombe kikafurika, kwa sababu Sella pia anajua mambo ya Mukai, jirani yao kule kijijini, aliyekuwa wa kwanza kuweka sahihi, alipewa hela akanunua pikipiki, pikipiki ikafa, na leo pale kwake pana miwa tu, miwa mpaka macho yanachoka, ya kutengenezea mafuta ya magari ya huko kwa wenye kampuni, na mke wa Mukai hununua unga dukani yeye aliyekuwa akigawia watu mahindi, akitaka maji ya kijito anamwomba askari wa geti ruhusa, kijito kile kile alichooga siku ya harusi yake. Gunia la mahindi linalokuja Nairobi kila mwaka litatoka wapi, Lavender na wenzake watakula alama ya ndiyo? Na shamba lenyewe halikuwa hata la baba, baba alizikwa kwa babu huko ng'ambo ya kilima, hili mama alilinunua mwenyewe baada ya kuachwa mjane, kwa kuuza mboga, akasema nikifa mnilaze kwangu, na wakamlaza, na Maurice ambaye alishika kamba ya mguuni wakati wa kushusha ndiye leo anasema weka hapana, Maurice huyo huyo, moyo wake umekuwa jiwe lini...

Lakini Pasaka. Pasaka alipokwenda nyumbani mahindi yalikuwa magotini, na jicho la fundi halivumilii kitu kilichopinda, aliona mistari imenyooka kutoka jikoni hadi katikati ya shamba, kisha ikapinda, ikazunguka mahali penye magugu, ikanyooka tena, akacheka, "Kaka, ng'ombe wako walilewa siku ya kulima?" na Maurice hakucheka, alisema tu, "Hapo hawapiti," akaenda zake kufunga ndama. Hapo hawapiti. Miaka saba Maurice anainua plau kila akifika pale, anawazungusha ng'ombe, halafu anaishusha, hakuna aliyemtuma, hakumwambia mtu, na yeye fundi mwenye ahadi zake akasimama pale akacheka. Anashusha macho kwenye karatasi, safu ya kushoto ni ya Maurice, wino wa buluu, herufi zake zile za kulala, swali la kwanza hadi la nane yamejibiwa, sahihi iko chini, na la tisa... la tisa ni jeupe. Hakuweka ndiyo, hakuweka hapana. Amekaa kwenye chai ya chifu akiwa amezungukwa, akapiga simu mara tatu na kusema kwa sauti ya chini maneno waliyotaka kuyasikia, na kalamu yake ikakataa mahali pale pale ng'ombe wake hukataa. Ee Maurice. Kumbe hungoji nikusaidie kukubali. Simu inatetemeka mezani, Maurice tena, mara ya nne, kalamu bado iko juu ya karatasi na uzi wake umenyooka, nyuma mtu anasonya. "Uncle, bado?" "Bado," anasema Lusweti, "ngoja kidogo, msichana wangu, kuna mtu yuko hapa ndani na hatujamwandika."