Farasi Aliyelala Nyuma ya Ghala

Mdomo wa Malachie ndio ulikuwa jembe lake. Wengine hapa Butembo wanauza vitenge, mabati, vipuri vya pikipiki; yeye alikula kwa kutafsiri filamu. Alikaa kando ya televisheni katika ukumbi wake wa mbao, mikro mkononi, na kila mzungu aliyefungua kinywa kwenye kioo alitoka akisema Kiswahili cha sokoni kwetu. Na hakutafsiri tu, jamani. Alitia chumvi, akaongeza na pilipili.

Filamu iliyojaza mabenchi mwaka ule ilikuwa ya msichana mpanda farasi. Hakuna aliyewahi kuona farasi kwa macho yake. Farasi tunaowajua sisi wako katika Biblia, wanazama baharini pamoja na jeshi la Farao. Lakini Malachie aliwafundisha watazamaji namna filamu hizo zinavyotembea, maana zote zinapita njia moja.

"Baba atakatala kwanza," aliwaambia. "Kisha mutoto wa tajiri atamucheka. Mvua itanyesha, atajizoeza mu mvua, ataanguka mu matope. Mukisikia piano inalia polepole, mujue docteur anakuya kusema haiwezekani tena. Musimusikilize! Docteur wa filme ni muongo! Acteur..."

"Hafi!" ukumbi mzima ulijibu, maana acteur, nyota wa filamu, hafi kamwe.

Mahali pamoja tu palimsumbua. Farasi wa kwanza wa yule msichana, mzee, mwekundu, anavunjika mguu. Mtu mwenye bunduki anampeleka nyuma ya ghala, kisha mlio unasikika. Mara ya kwanza Malachie aliuacha mlio upite, na nusu ya watoto waliingia chini ya mabenchi. Walikuwa watoto waliokimbia vita kutoka upande wa Beni, masikio yao hayakuhitaji mkalimani. Mmoja alijikojolea. Tangu siku hiyo, filamu ikifika hapo, Malachie aliufunika mlio kwa sauti yake: "Paa! Mulango ya ghala imejifunga, batoto. Farasi amechoka, amelala." Watoto walipumua, filamu ikaendelea. Nani angemlaumu?

Katika watoto hao alikuwamo mpwa wake Séphora, binti wa miaka kumi na miwili, mtoto wa dada yake mkubwa, Katungu. Siku walipokimbia Beni pikipiki iliwaangusha, ikamponda Séphora mguu wa kulia. Mzee mmoja wa kufunga mifupa aliufunga kwa vijiti na majani, ukaonekana kupona. Séphora akawa anakuja ukumbini kwa noko wake, ndivyo tunavyomwita mjomba, anachechemea mpaka benchi la mbele. Filamu ya farasi aliijua yote kwa kichwa. Kisha kidonda kikafunguka upya. Kilipoanza kunuka, Katungu alimpeleka hospitali, na huko daktari hakuzungusha maneno: mguu ukatwe chini ya goti, na upesi, kabla uozo haujapanda.

Séphora akakataa. Mama alitia sahihi, ndiyo, lakini kila walipokuja kumchukua mtoto aling'oa sérum, ule mpira wa dripu, mkononi, akawauma wauguzi, akalia mpaka homa ikampanda na daktari akaahirisha. Hakueleza sababu. Alisema neno moja tu: "Hapana kata."

Katungu akaja ukumbini mchana, watu wakiwa wamejaa, akasimama mbele ya televisheni.

"Ni weye ulimufundisha docteur ni muongo," alisema. "Miye nimesema, hasikii. Padri amesema, hasikii. Kuya umutoe hiyo filme mu kichwa, Malachie. Mutoto wangu anaoza."

"Yaya, dada yangu, ni mchezo tu..."

"Mchezo yako inanuka. Kuya uisikie harufu."

Aka! Kuambiwa hivyo mbele ya wateja! Malachie alizima jenereta, watu wakipiga kelele, akachukua kompyuta yake na kumfuata dada yake. Moyo ulimuuma, maana Séphora alimpenda kuliko watoto wote wa ukoo. Njiani alipanga ujanja. Atamwonyesha filamu ile ile, ila ataitafsiri upya: daktari awe mtu wa kweli, msichana akubali kukatwa, apone, apande farasi na mguu mmoja. Picha? Mdomo wake ulikuwa umezishinda picha mara nyingi.

Alifungua kompyuta juu ya kitanda. Harufu ilimpokea kabla ya salamu, naye akaanza kusema haraka haraka ili uso wake usimsaliti. Piano ikalia, daktari wa filamu akaingia.

"Huyu docteur ni mutu wa haki," alisema Malachie. "Sikia mutoto anamuambia: kata, docteur, nitapanda farasi na muguu moja, na nitashinda..."

"Noko," alisema Séphora. "Iko na miguu mbili. Namuona."

"Rudisha nyuma. Pale farasi analala."

Akarudisha. Mtu mwenye bunduki akamvuta farasi mwekundu nyuma ya ghala. Malachie alifungua mdomo aseme habari za mlango, akakuta mtoto anamwangalia yeye, kioo amekiacha. Akaufunga. Mlio ukapita, mkavu.

"Ile haiko mulango," alisema Séphora. "Miye ni mutoto wa Beni, noko. Mulango naijua, na masasi naijua. Nilijua tangu siku ya kwanza. Farasi akivunjika muguu, banamuua."

"Séphora, farasi ni munyama tu. Mutu haiko farasi."

"Na koko?"

Katungu, aliyekuwa amesimama dirishani, akajifunika uso kwa kitenge. Koko ni nyanya, na nyanya huyo alikuwa mama yao, Katungu na Malachie. Kwenye kilio Malachie aliambiwa kwamba mama alilala, hakuamka. Aliamini, akashukuru hata.

"Koko alishindwa kukimbia," alisema Séphora. "Mama alisema tutamurudilia. Hatukumurudilia. Tukafika mbali kidogo, tukasikia."

Malachie akamgeukia dada yake, dada yake hakugeuka. Alitaka kumfokea, alitaka pia kwenda kumshika mabega. Hakufanya hata moja. Mtu angefanya nini pale, na mtoto mkononi na barabara imejaa watu wanaokimbia? Mama yake alibaki peke yake nyumbani, anawasikiliza wakiondoka.

"Bakikata muguu," alisema Séphora, "na bale batu bafike huku Butembo, nani atanibeba?"

"Miye." Jibu lilimtoka upesi, na kwa ile sauti yake ya ukumbini, nene, ya kujaza mabenchi.

Mtoto akamtazama sana. "Hiyo ni ya filme, ao ni ya weye?"

Malachie akafunga kompyuta. "Ni ya miye," alisema, polepole.

Séphora akageukia ukuta. Halafu akasema, "Basi, bakate."

Walikata kesho yake asubuhi, juu ya goti. Zile siku za kukataa ndizo zilizokula goti, daktari alisema, wala hakusema kwa hasira. Katungu alilia kwa sauti uani. Malachie alisimama kando yake.

Juma lile habari mbaya zilikuwa zinashuka kila siku kwa barabara ya Beni. Alasiri moja Katungu alikuwa ameenda kufua, Malachie amekaa kitandani anammenyea mtoto ndizi. Mara: paa!

Wodi nzima iliruka. Mama mmoja alikimbia na mtoto wake na sérum yake, mzee akapita na fimbo moja. Malachie alijikuta nje, kwenye barza, karibu na ngazi, ndizi bado mkononi, watu wanamkanyaga miguu. Hapo ndipo akakumbuka.

Akarudi, anasukumana na wanaotoka. Séphora alikuwa ameketi kitandani peke yake katika chumba kitupu, mikono ameinyoosha mbele. Hakuwa anaita mtu. Malachie akamzoa, mwepesi mno, akakimbia naye.

"Niweke, noko," alisema mtoto sikioni mwake. "Ni mulango tu. Niliona upepo inaisukuma."

Watu walikuwa wameanza kurudi, wanacheka kile kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Malachie akamrudisha kitandani, akamfunika.

"Ulifika wapi?" Séphora aliuliza.

Angeweza kusema alikuwa hapo mlangoni tu. Mdomo ulikuwa tayari.

"Ku barza," alisema. "Karibu ya ngazi."

Séphora akaitikia kwa kichwa. Aliangalia mahali shuka ilipolala bapa, kisha akaangalia wodi yote mpaka mlangoni, anapima umbali.

"Basi ubaambie," alisema, "kitanda yangu baisogeze karibu ya mulango."